Mnajua kopo la dawa linavyolia?

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Kwa nini watu huacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ilhali zinatolewa bure?", nililisoma nikiwa kibandani kwangu, soko la Kibuye. Nikalifunga jarida kwa hasira, jioni nikalifungua tena. Hilo neno "bure" ndilo lililonichoma. Nauli si bure. Siku ya kliniki kibanda kinafungwa, na omena hazijiuzi. Lakini hayo mmeshaandikiwa na wengi. Mimi nauliza: mnajua kopo la dawa linavyolia?

Linalia kama kayamba. Vidonge vya mwezi mzima ndani ya plastiki, ukipanda nalo matatu unaona kama stage yote imesikia. Ndiyo maana sisi tunaomeza hatukosi pamba. Unaisokota, unaijaza kopo, halafu unatikisa karibu na sikio uhakikishe.

Mwaka 2014 baba mdogo alifariki, tukaenda matanga Yala. Kwetu binti aliyeolewa akirudi halali kwa mamake, kwa hivyo sote tulibanana nyumbani kwa dani, yaani nyanya yetu: mashangazi, binamu, watoto, magodoro ukutani hadi mlangoni. Enzi hizo dawa yetu ilikuwa na efavirenz, ile ya usiku, maana ukiimeza mchana utayumba kama mlevi. Saa yangu ilikuwa saa tatu usiku kamili. Nilipanga kutoka nje dakika tano kabla, nijifanye naenda chooni. Lakini binamu yangu alikuwa anasimulia jinsi marehemu alivyowahi kufukuzwa na fahali wa jirani akapoteza kiatu, tukacheka mpaka machozi, nikasahau. Simu ikalia.

"Nani huyo anaamshwa saa tatu?" dani akauliza.

Nikasema ni ya kunikumbusha kumpigia baba watoto. Nikaizima. Kabla sijameza mate, simu nyingine ikalia kule pembeni, chini ya leso ya shangazi yangu mkubwa. Yule yule aliyekuwa akitupangia nani apike, nani ateke maji, na ambaye hakuna aliyethubutu kumjibu.

"Shangazi, hata yako!" msichana mmoja akasema.

"Simu hizi za Kichina zina wazimu," akajibu, akageukia ukuta.

Taa ikazimwa. Nikalala macho, nikisubiri watu wakorome. Nilijua naye anasubiri. Yapata saa sita nikasikia: chaka. Mara moja tu, ndogo, kutoka pembeni. Pamba haikumtosha. Kisha kikombe kikaguswa. Nilisubiri kidogo, nikatoa yangu, nikaimeza na chai ya rangi iliyopoa.

Asubuhi alinituma kuni. Nikaenda. Hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Alifariki miaka mitatu baadaye. Ukoo ulisema ni presha. Katika kukunja nguo zake niliona kadi ya kliniki, na tarehe yake ya kurudi ilikuwa imepita miezi saba. Baadaye nikasikia kwamba msichana wa kijijini kwetu alikuwa ameajiriwa kufagia palepale alipochukulia dawa. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu. Ila najua nilikuwa na maneno mawili ya kumwambia usiku ule, "hata mimi", nikayameza pamoja na kidonge.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema watu wafunguke, siri ndiyo inayoua. Sasa naona mkono unasita. Mimi mwenyewe siri ndiyo iliyonifikisha hapa. Mama mkwe hajui, na kama angejua 2009 nilipoanza, sidhani ningekuwa na nyumba ya kuwekea hilo kopo. Nimekuwa LDL miaka na miaka, yaani virusi havionekani kwenye kipimo, na daktari amenieleza kwamba nikiendelea hivi simwambukizi mtu kitandani. Hayo yote nimeyapata nikiwa nimenyamaza.

Hata dawa yenyewe siku hizi si taabu. TLD, yenye dolutegravir, hainipi kizunguzungu wala zile ndoto za kufukuzwa na mamba, ingawa sisi wanawake wa umri wa kuzaa tulicheleweshewa kwa hofu ya kudhuru watoto tumboni, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipotoa ruhusa 2019. Kilichobaki ni mlango wa kliniki. Tangu misaada ya Marekani iyumbe 2025, chumba chetu cha CCC, kile cha wenye virusi peke yao, kimeunganishwa na foleni ya wagonjwa wote. Wenzangu wengine wanalia: wahudumu waliotujua hawapo, unasimama kutwa. Mimi, samahani, nimefurahi kidogo. Kwenye foleni ya malaria hakuna anayejua nimefuata nini.

Kwa hivyo jibu langu, kama mnalilazimisha: watu wanaacha kwa sababu hawana mtu hata mmoja wa kumeza mbele yake. Mmoja tu, si ukoo mzima wala kanisa. Labda nakosea. Wapo walioacha kwa njaa, au kwa kuchoka tu, na hao sina jibu lao.

Jina langu msilichapishe, tafadhali. Binti yangu anasoma jarida hili. Yeye anajua, lakini marafiki zake hawajui. Ndiye aliyenishauri nihamishe alamu hadi saa kumi na mbili asubuhi, wakati simu za nyumba nzima zinalia.

Msomaji, Kisumu