Muulize Fundi Rangi: Kahawia yangu imetoka zambarau

SWALI: Shikamoo fundi. Tumejenga hapa Mafinga kwa matofali ya kuchoma, lipu tayari, sasa nataka nipake kahawia kuanzia chini mpaka usawa wa madirisha maana mvua zikianza matope yanarukia ukuta balaa. Kijana alonichanganyia alichukua nyekundu akatia nyeusi, ikatoka kama zambarau. Jirani nae anasema kahawia inapauka haraka na jua, ni kweli? Na lingine, udongo tuliofyatulia ulikuwa kahawia kabisa, mbona tanuru lilipofunguliwa tofali zimetoka nyekundu na nyingine karibu nyeusi?
Mama mwenye nyumba, Mafinga

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa nyumba.

Nyekundu na nyeusi peke yake inakupa damu ya mzee. Kahawia inataka njano. Ukiichunguza, kahawia ni rangi ya machungwa iliyotiwa giza, ndo maana kwenye upinde wa mvua huioni. Kwahiyo mwambie achanganye nyekundu na njano kwanza mpaka ipatikane machungwa kama papai lililoiva, halafu nyeusi aitie kidogo kidogo sana huku anakoroga, akizidisha ndo basi tena. Mkitaka ya ugoro ongezeni nyeupe. Jaribuni kwenye kipande cha ukuta msubiri ikauke, rangi ya maji ikikauka inakoza.

Swali la tanuru ndo nimelipenda zaidi. Udongo wetu huku nyanda za juu una chuma kilichoshika kutu, na kutu yenye maji ndani yake inakua ya njano njano au kahawia, sasa moto ukishayafukuza yale maji inabaki kutu nyekundu. Tofali la pembeni ambalo moto haukulifikia vizuri linabaki limepauka, na lile lililokosa hewa kuni zikawa zinafuka tu, chuma chake kinageuka cheusi. Italia wachoraji wanatumia udongo wa Siena wa njano-kahawia, wanauchoma makusudi uwe kahawia nyekundu, ni kazi ileile ya tanuru lako.

Jirani asikutishe. Rangi iliyotengenezwa kwa oksaidi ya chuma, yaani kutu ileile, haipauki kirahisi, hiyo kutu imeshakutana na hewa na jua, haina cha kugeuka tena. Nenda Igeleke pale Iringa mjini uangalie michoro ya kale kwenye mwamba, nyekundu-kahawia yake bado inasomeka. Zinazokimbia na jua ni baadhi ya zile za kung'aa sana. Dukani uliza yenye oksaidi, wasikuuzie jina tu.

Lipu ikauke kabisa kabla hujapaka, hasa huko Mafinga kwenye baridi na ukungu, la sivyo itabanduka magamba hata iwe rangi nzuri vipi. Mabati hujaniambia ni rangi gani. Kama ni damu ya mzee, chini weka kahawia inayoelekea ugoro, giza juu na giza chini nyumba inaonekana fupi.