Nyumba ya mbao, kiwanja kidogo, majirani kila upande: mwanga utatoka wapi?

Swali: Habari za kazi injinia. Nina kiwanja Sinza, Dar, mita 12 kwa 18, kulia ghorofa moja, kushoto ghorofa moja. Nataka nyumba ya mbao ya chini yenye mwanga, ila sitaki kuishi na mapazia yamefungwa kutwa nzima. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana ndugu yangu (mi akitekti lakini, sio injinia, basi nshazoea). Wengi wanakimbilia dirisha kubwa la mbele, wiki haiishi limevaa pazia zito na taa zinawashwa saa nane mchana. Kwako wewe kuta za nje sahau. Fanya kama nyumba za zamani za Lamu, ua uwe katikati, hata mita 3 kwa 4 inatosha, sebule na jiko vifungukie huko, na ukuta unaotazamana na sebule upake rangi nyeupe, ndo utakurudishia mwanga ndani.

Sasa hao wa ghorofani watachungulia kwa juu. Pitisha mbao za inchi 1 kwa 4 juu ya ua, zisimame kwa ubavu mwembamba, nafasi kati yake sm 5, na hapa ndo mafundi wanakosea, ziende sambamba na ukuta wa jirani. Akiangalia kimshazari anaona mbao tu ila jua la saa sita linapita. Ukizigeuza upande wa pili anaona mpaka mboga mnayokula.

Vyumbani weka madirisha membamba kuanzia mita 2 juu, kaskazini au kusini kama kiwanja kinaruhusu, maana jua la saa kumi Dar unalijua na mbao inapata joto haraka. Kuta mbili za upande wa majirani jenga tofali, kwao kukiwaka, moto usihamie kwako.

Mchwa je? Chukua paini ya Mafinga iliyopigwa dawa kiwandani, ile ya kijani, na kila panapokatwa fundi apake dawa tena, kule katikati huwa haifiki. Nguzo isiguse udongo, ikae kwenye kiatu cha chuma juu ya zege. Mteja wangu mmoja alifanya yote hayo vizuri kabisa, baadae akarundika udongo wa maua ukutani mpaka ukafikia mbao, mchwa wakapandia hapohapo.

Nitumie picha za kiwanja za saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, nione kivuli cha hayo maghorofa kinaangukia wapi kabla hatujachora huo ua.