Kedarnath Desemba? Utakuta mlango umefungwa

Ndugu ulieuliza kama unaweza kwenda Kedarnath likizo ya Desemba, hapana, usikate tiketi kwanza. Hekalu lenyewe, la Wahindu, la mungu Shiva, liko Himalaya huko India, mita kama 3,580 juu, theluji ikianza hakuna mchezo, ndo maana wanafungua mwezi wa nne au wa tano hivi na kufunga siku ya sikukuu ya Bhai Dooj, siku chache tu baada ya Diwali (Oktoba au Novemba). Ila ibada haisimami, sanamu ya Shiva inabebwa mabegani kwenye machela mpaka mji wa Ukhimath bondeni na inakaa huko baridi yote, kwa hiyo kama Desemba ni lazima, nenda Ukhimath.

Ukipata nafasi msimu wenyewe, gari inaishia chini, Gaurikund, kutoka hapo ni kilomita kama 16 za kupanda, kwa mguu au juu ya nyumbu, na wazee utawaona wamekaa kwenye kapu mgongoni mwa mtu, yule jamaa anapanda nao hivyohivyo (mimi begi tu lingenishinda). Jisajili kabla, na panda taratibu maana hewa ni nyepesi.

Ndani usitegemee sanamu kubwa, ni mwamba umechongoka kama nundu ya ng'ombe na mahujaji wanaupaka samli kwa mikono. Ukitoka zunguka nyuma ya hekalu uone jiwe moja kubwa, mafuriko ya Juni 2013 ndo yalilileta, likakwama pale pale likagawa maji, mji ukasombwa hekalu likabaki.