Mwembe wa kubebeshwa uliotoa maua mapema

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeuliza iwapo uyaache maua na machipukizi ya chini kwenye mwembe wako wa kubebeshwa wenye mwaka mmoja. Jibu langu ni kwamba vyote viondolewe, ukianza na machipukizi. Yale yanayotoka chini ya kovu la kubebeshea, yaani pale aina uliyoinunua ilipounganishwa na shina la mche mwingine, ni ya mche huo wa chini, si ya aina uliyoinunua, na kwa kuwa hukua kwa kasi yataudhoofisha mwembe wenyewe usipoyabandua kwa kidole yakiwa bado laini. Chunguza pia kama utepe wa nailoni bado umefungwa pale kwenye kovu, kwani ukiachwa hulikaba shina linaponenepa. Maua yakate kwa miaka 2 ya mwanzo, japo najua inauma, ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi. Shina likifika takriban mita 1, kata ncha yake mvua zinapoanza, kisha ubakize matawi 3 au 4 yaliyoelekea pande tofauti na yasiyotoka sehemu moja. Jihadhari na utomvu, maana huunguza ngozi.

Huku kwetu Lindi, ambako kiangazi ni kirefu, mwagilia maji mengi kwa wakati mmoja badala ya kunyunyizia kidogo kila jioni. Matandazo ya nyasi yanafaa sana, ila yasiguse shina, kwa sababu mchwa hujificha humo na kulitafuna gome bila wewe kuwaona.