Kabla ya kutuletea mapipa, ulizeni taka ni za nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza wananchi washirikishwe vipi katika kubuni njia za kushughulikia taka za kilimo. Mimi nauza mboga katika soko la Kangemi, Nairobi, kwa hivyo nitajibu kuhusu taka ninazozishika kila siku: majani ya kabeji, maganda ya minji, mikungu ya ndizi, nyanya zilizopondeka njiani.

Ushirikishaji uanze na swali ambalo sijamsikia afisa yeyote akiuliza: taka hizi tayari ni za nani? Maana nyingi zina wenyewe. Lori la kabeji kutoka Kinangop likishusha mzigo alfajiri, majani ya nje huambuliwa papo hapo, na jua likichomoza wafugaji wa upande wa Kabete wameshajaza magunia. Maganda ya minji huenda kwa mbuzi. Mradi ukija na mtambo wa mboji ukazoa kila kitu, utakuwa umemnyang'anya mtu lishe ya ng'ombe wake, na atakuwa na haki ya kuupinga.

Taka isiyo na mwenyewe ni ile ya jioni: nyanya na maembe yaliyooza, yamechanganyika na matope na plastiki. Hiyo ndiyo huishia jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa tangu 2001 na bado linapokea malori. Ikifukiwa huko bila hewa, hutoa gesi ya methani. Kwa taka hii tunawahitaji wataalamu kweli. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, hapo Kasarani, kimefanya kazi kubwa kuhusu funza wa inzi askari mweusi, ambao hula matunda yaliyooza kwa wiki mbili hivi, kisha hukaushwa wakawa chakula cha kuku na samaki. Masalio huwa mbolea. Lakini hao funza watafugiwa wapi, na nani atawaeleza wateja wetu kwamba si inzi wa chooni? Hayo tuyapange pamoja.

Tuliwahi kuletewa mapipa mazuri yenye vifuniko. Yaliwekwa langoni, ilhali kabeji huambuliwa nyuma, malori yanakosimama. Hakuna mchukuzi atakayebeba majani umbali huo bila malipo. Baada ya muda mapipa yakawa ya kuhifadhia maji.

Mfugaji mmoja anayechukua majani kwetu ndiye aliyenionyesha tatizo ambalo sikuliona kwenye mpango wowote. Alifungua gunia akatoa vipande vya kamba ya nailoni, ile tunayofungia sukuma wiki na dania. Ng'ombe akimeza nyingi, zinajisokota tumboni na anaweza kufa. Alichotaka ni tufunge mafungu kwa nyuzi za mgomba, kama wengine walivyokuwa wakifanya zamani, na mikungu na magome ya mgomba yamejaa papa hapa sokoni. Ni jambo dogo, la bei rahisi, na lingeokoa magunia mengi ya majani yanayokataliwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi. Kwa karatasi tuko sawa. Ila mikutano huitwa hotelini saa nne asubuhi, wakati mama mboga hawezi kuacha meza yake, na anayehudhuria hukuta mchoro umeshakamilika.

Kaunti ije sokoni saa nane mchana, wateja wakiwa wachache, kabla zabuni haijaandikwa. Wawepo mchukuzi, mfagiaji, mfugaji, dereva wa lori, na fundi wa mbao pia, kwa sababu mboji ya nyanya huhitaji kitu kikavu na yeye ana vumbi la mbao analolichoma bure. Iandikwe mapema nani atamiliki mtambo na pesa za mbolea zitagawanywa vipi, ili vijana wanaoamka usiku kuzoa wasibaki wazoaji tu mbolea itakapoanza kuuzwa.