Maswali yenu: Ukienda kumwona mzazi, fua nepi

Nina wiki mbili tangu nijifungue. Mama yangu yuko Kigoma, nauli imemshinda. Majirani wanakuja kila siku kumwona mtoto, wanakaa mpaka jioni, nami ndiye ninayewachemshia chai. Niwaambieje bila kuonekana nina maringo? (Mama, Mbagala)

Hongera kwa kujifungua salama. Chai usichemshe tena. Mzazi hapiki, hafui, habebi ndoo, na ndiyo maana wazee wetu wakaweka arobaini. Siku hizo zilikuwa na wenyewe: kuna aliyeamka alfajiri kukoroga uji wa pilipili manga, kuna aliyefua, kuna aliyempokea mtoto usiku ili mama apate usingizi. Siku hizi tumebakiza kumnyoa mtoto, pilau na picha. Kazi yenyewe tumemwachia mama peke yake kwenye chumba cha kupanga.

Jirani akiingia, mpe kazi. "Shoga, nisaidie hizi nepi." "Dada, naomba unichotee ndoo mbili." Anayekupenda atainama afue, na aliyekuja kuangalia mtoto kafanana na nani ataaga mapema. Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Mwenye mafua asiingie.

Ninaowasema hasa ni ninyi mnaokwenda kuwaona wazazi. Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Pakitokea msiba, ndani ya saa moja turubai limefungwa, sufuria zimefika, kila mtu anajua zamu yake. Kwa nini akizaliwa mtu hatuna zamu? Wanawake watano, kila mmoja asubuhi moja kwa wiki, kwa wiki sita. Jambo hili liwekeni kwenye kikao kijacho cha VICOBA yenu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, lina uzito kuliko sare.

Jambo ambalo hukuuliza: atakayekuja kukukanda ayapime maji kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu wapo wazazi wanaounguzwa. Kama ulipasuliwa, tumbo halikandwi kabisa.

Joto la Dar limezidi. Mtoto wa miezi miwili nimpe maji kidogo?

Hapana. Swali hili linarudi kila msimu wa joto na jibu ni lile lile: maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita kamili. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na umvue hilo sweta.

Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Bosi anasema likizo ya baba ni hisani ya kampuni. (Baba mtarajiwa, Mwanza)

Si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno; wenzetu Kenya wanapata wiki mbili. Sheria hiyo hiyo inampa mama siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wanawake wengi hawaambiwi hili, kwa hiyo mwambie wako.

Siku zako tatu usizimalizie sebuleni na wageni. Pika. Beba maji. Mtoto akishanyonya usiku, mpokee wewe, mcheulishe, mbadilishe nepi. Na siku ya kliniki mwende wote wawili.

Mjukuu wangu ana mwaka na miezi minane. Kliniki wanasema amedumaa. Sisi ghala limejaa mahindi, viazi tunavyo, parachichi tunauza kwa gari. Amedumaa kwa njaa ipi? (Bibi, Njombe)

Shikamoo bibi. Hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, lakini Iringa ilikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Ni mikoa hiyo hiyo inayoilisha nchi.

Angalia siku ya mtoto wa shambani ilivyo. Mama anatoka alfajiri na jembe, anarudi jua linazama. Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba na chupa ya uji wa sembe, mwepesi kama maji. Huo uji unajaza tumbo dogo na hauna kitu. Umri huo anataka kula mara tatu mpaka nne kwa siku, na kitu kidogo katikati: yai, maharage yaliyopondwa, dagaa, mboga, kipande cha parachichi kabla gari halijaja kubeba yote. Anataka pia mtu mzima wa kukaa naye mpaka amalize. Ongeza minyoo na kuhara kwa maji yasiyochemshwa, mtoto hakui.

Hujachelewa, ila usisubiri. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo apate kila miezi sita. Msimu wa kulima, kina mama wapeane zamu: mmoja abaki na watoto wa wenzake huku wao wakimlimia. Nendeni kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kwenye mkutano wa kijiji ulizeni zile shilingi 1,000 ambazo halmashauri inatakiwa kutenga kwa lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano zimefanya nini kwenu. Na ulanzi, pombe ya mianzi, hata ule mtamu, si wa mtoto wala wa mama anayenyonyesha.

Mdogo wangu ana mwezi tangu ajifungue. Hataki kumshika mtoto, halali hata mtoto akilala. Mama mkwe anasema amechezewa.

Mpelekeni hospitali wiki hii. Machozi ya siku za mwanzo huja kwa wazazi wengi na hupita. Yakivuka wiki mbili, ni sonona, ugonjwa wenye tiba. Akianza kusikia sauti, au kutaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni leo hii, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Maombi hayakatazwi, yafanyeni akiwa ameshaonwa na daktari.

Mwanangu ana miaka miwili, anasema "mama" tu. Jirani anashauri akatwe kimeo.

Usithubutu! Kimeo hakihusiani na kusema, na hao wanaokikata mitaani wanawatoa watoto damu mpaka kufa. Mpeleke akapimwe masikio. Kisha jiulize anashinda na nani. Kama ni katuni za kwenye simu, zima. Ukiosha vyombo ongea naye: hiki kikombe, kikombe cha nani? Halafu nyamaza umngoje akujibu, hata kwa kelele. Mwambie dada wa kazi naye afanye hivyo. Na kama huyo dada ana miaka 13, basi nyumbani kwako kuna watoto wawili wanaohitaji mlezi.

Nitajuaje kituo cha kulelea watoto mchana ni kizuri?

Omba kuona usajili wao. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anavijua vilivyosajiliwa. Kisha nenda saa saba mchana bila taarifa. Hesabu watoto na walezi, kagua choo, ulizia maji ya kunywa yanatoka wapi. Ukikuta wote wamelala fofofo kila unapokwenda, uliza wanapewa nini. Ukiona mtoto anapigwa, piga 116, ni bure.