Kifaa cha tapeti kipinde kabla ya kuvunjika

Kipande kilichonifunza kutengeneza vifaa vya kurekebishia tapeti, yaani ule mwanya mdogo ulio juu ya valvu za injini, kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kilikatika kwenye ncha ya kifaa changu Jumamosi moja asubuhi, katika uwanja wa ploti tunamoishi huku Umoja, Nairobi, mfuniko wa injini ya Toyota 110 yangu ukiwa umefunguliwa. Nilisikia "tik", nikatazama, ncha haipo. Nilikitafuta kwa tochi na sumaku tangu saa tatu hadi jua likawa utosini. Nilikikuta kimekaa mdomoni mwa tundu linaloteremsha oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kingezama, ningelazimika kushusha sampu nzima. Kingenaswa kati ya kamu, ile nundu inayosukuma valvu, na kikombe kinachokaa juu ya valvu, ningekuwa natafuta hedi nyingine, yaani kichwa kizima cha injini, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road.

Tangu siku hiyo kila kifaa ninachojitengenezea nakipima kwanza kwa jambo moja: kikizidiwa nguvu, kitapinda au kitavunjika?

Wengine mtashangaa kwa nini mtu ajisumbue kutengeneza kifaa badala ya kukinunua. Injini ya 5A iliyo kwenye 110 ina valvu 16, na haina skrubu ya kuzungusha ili kurekebisha mwanya. Juu ya kila kikombe cha valvu kuna shimu, kisahani cha chuma kigumu kinachofanana na sarafu. Mwanya kati ya kamu na shimu ukipanuka au ukibana, unabadilisha shimu: unaweka nene zaidi au nyembamba zaidi. Ili shimu itoke bila kung'oa kamshafti, yaani shafti yenye kamu, lazima kikombe kikandamizwe chini dhidi ya springi ya valvu na kishikiliwe hapo hapo. Kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo, cha vipande viwili, lakini gereji nyingi za mitaani hazina. Nimeona fundi akitumia bisibisi mbili, moja inakandamiza na nyingine inashikilia, huku mwenye gari akiombwa kuvuta shimu kwa vidole. Bisibisi ya bei rahisi ikiteleza hapo, kidole ndicho kinacholipa, na kamshafti inabaki na mkwaruzo.

Kifaa changu cha kwanza nilikifanyia haraka. Nilipata kipande cha springi ya lori kwa muuza vyuma vikuukuu Gikomba, nikakikata, nikakipasha moto hadi kikawa chekundu, nikakikunja ncha, halafu nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kilikuwa kigumu ajabu, nikafurahi. Baada ya ncha kukatika nilikipeleka kwa mzee mmoja anayefua vyuma Kamukunji. Alikichukua, akakipitishia tupa mara moja. Tupa iliteleza kama iko juu ya kioo; chuma kigumu namna hiyo hukatika, hakipindi.

"Hii umeipika ukaiacha hapo hapo," akaniambia. "Irudishe motoni, kijana wangu, lakini pole pole."

Alikisugua kwa msasa hadi kikang'aa, akakishika kwa koleo na kuanza kukipasha kuanzia shinani, mbali na ncha. Sijawahi kusahau rangi zile. Chuma kilianza kuwa cha njano hafifu kama majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na mwisho buluu ikatembea taratibu kuelekea nchani. Buluu ilipofika alikiondoa motoni na kukiacha kipoe chenyewe. Njano ile hutokea chuma kikiwa karibu nyuzi 230 za Selsiasi, na buluu karibu 300. Ukiishia kwenye njano unapata makali ya patasi. Kwa kitu cha kukandamiza, nenda hadi buluu. Alipopitisha tupa tena, ilikula kidogo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mpaka leo: tupa ikiteleza bila kula, kifaa hicho hakiingii kwenye injini yangu.

Na kama huna haja ya kukunja, usiguse moto kabisa. Springi ya lori imetoka kiwandani ikiwa tayari na ugumu pamoja na unyumbufu unaofaa. Isage kwa grainda kidogo kidogo, uichovye majini kila baada ya sekunde chache, na usiiache ibadilike rangi. Mimi ningemshauri mtu anayeanza afanye hivyo. Vaa miwani, tafadhali. Cheche za grainda hazina urafiki na jicho.

Sasa umbo lenyewe. Unahitaji vipande viwili. Cha kwanza ni wenzo wa urefu wa shibiri moja na nusu hivi, ncha yake imepinda kidogo ili ipite chini ya kamshafti. Ncha inakaa kwenye ukingo wa kikombe, mgongo unaegemea kamshafti, nawe ukiinua mpini kikombe kinashuka. Angalia mgongo unaegemea wapi. Kamshafti ina sehemu zilizong'arishwa, zile zinazozunguka ndani ya beringi zake, na hizo haziguswi na chuma hata siku moja. Egemea pale palipo na uso wa kawaida kati ya pua ya kamu na beringi. Mimi nimekunja kipande cha shaba nyekundu kutoka kwenye bomba kuukuu nikakivisha mgongo wa wenzo. Shaba ni laini, inakwaruzika yenyewe na kuiacha kamshafti salama.

Kipande cha pili ni kidogo, kama kidole gumba. Ni nguzo: juu ina mchongo wa mviringo unaokumbatia kamshafti, chini ina unyayo mwembamba unaokaa kwenye ukingo wa kikombe bila kugusa shimu. Huu unyayo ndio uliokula muda wangu mwingi. Ukiwa mpana unabana shimu isitoke. Ukiwa mwembamba mno unateleza na kikombe kinaruka juu kwa nguvu ya springi. Nilitengeneza wa kadibodi kwanza, nikaujaribisha, nikaupunguza, ndipo nikahamisha vipimo kwenye chuma na kumalizia kwa tupa. Ukipata hedi mbovu ya injini kama yako, fanya mazoezi juu yake jioni mbili tatu kabla ya kugusa gari linalotembea.

Kabla ya kukandamiza, pua ya kamu iwe inatazama juu, na zungusha kikombe kwa kidole hadi pengo lililo ukingoni lielekee upande wa plagi. Nimesahau hatua hiyo zaidi ya mara moja. Kikombe kikishashuka hakizunguki, na bila pengo hilo huna pa kuingiza bisibisi ndogo ya kuinulia shimu. Oili huishika shimu kama gundi. Inua kwa bisibisi ndogo, kisha ivute kwa sumaku.

Mashimo ya plagi yako katikati ya kamshafti mbili. Ukiwa umetoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, yazibe. Natumia vipande vya leso nyekundu ya zamani ya mama watoto, virefu, ncha zikiwa zinaning'inia nje. Nyekundu kwa sababu kitambaa cheusi kilicholowa oili utakisahau humo.

Kuna kitu kimoja sitengenezi, na nawasihi msitengeneze: fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya. Najua wembe wa pande mbili una unene wa karibu 0.10 mm, na najua mafundi wanaounganisha nyembe mbili wakisema hiyo ni 0.20. Nyembe mbili zenye oili na kutu katikati zina unene wake zenyewe. Kazi yote hii ni ya sehemu za mia za milimita. Nunua fila, ifute, ipake oili kidogo, ifunge kwenye kitambaa. Ikipita kwenye mwanya, usikie inakuvuta kidogo, kama noti unayoichomoa katikati ya daftari lililofungwa.

Injini iwe baridi. Mimi huiacha ilale usiku kucha na kuanza kabla watoto hawajaamka. Kwenye 5A yangu valvu za kuingiza hewa zinatakiwa ziwe kati ya 0.15 na 0.25 mm, kwa hiyo nalenga 0.20. Za eksosi huachiwa mwanya mkubwa kidogo kwa kuwa zinapata moto zaidi na kurefuka. Soma kitabu cha injini yako mwenyewe, usichukue namba za jirani. Hesabu ni rahisi. Tuseme mwanya uliopima kwenye valvu ya kuingiza hewa ni 0.31 na shimu iliyotoka ina unene wa 2.70. Umezidi kwa 0.11, kwa hiyo unataka shimu ya 2.81. Shimu hupanda kwa hatua ya 0.05, basi chukua ya 2.80 na mwanya utakuwa 0.21. Andika unene wa kila moja kwenye karatasi kabla ya kununua yoyote. Mara nyingi shimu iliyotoka kwenye valvu moja inafaa kwenye nyingine. Kama huna maikromita, zipeleke kwa mtu wa mashine akupimie. Usiamini namba ya kwenye shimu iliyofutika nusu.

Wenye Honda za zamani na Volkswagen ya kobe mna kazi nyepesi zaidi, maana mna skrubu na nati ya kufungia. Shida yenu ni kwamba ukikaza nati, skrubu inazunguka nayo na mwanya unabadilika. Chukua spana ya mrija, ile yenye uwazi katikati, ya 10 kwa Honda au 13 kwa Volkswagen. Ikate iwe fupi, mchomeleaji akuwekee mpini ubavuni, kisha pitisha bisibisi katikati yake. Mkono mmoja unashika skrubu, mwingine unakaza nati. Volkswagen hiyo hutaka 0.15 kwenye valvu zote, ikiwa baridi. Ukishakaza, pima tena.

Nimeulizwa mara nyingi kama sauti ya tapeti ndiyo dalili ya kuanza kazi hii. Kelele ni dalili, ndiyo, lakini kinachonitia hofu zaidi ni injini iliyonyamaza kupita kiasi. Valvu ya eksosi huzama kwenye kiti chake kadiri miaka inavyokwenda, na mwanya unajifunga. Jirani yangu mwendesha teksi alikuwa akijivunia gari lisilosikika, ila kwenye foleni ya Jogoo Road lilikuwa linatetemeka likisimama. Tulipopima, valvu mbili za eksosi hazikuwa na mwanya hata wa kupitisha ukurasa wa fila ulio mwembamba kuliko yote. Valvu isiyokaa vizuri kitini haipozwi, nayo inaungua. Tulimuwahi; moja tu ndiyo iliyokuwa imeanza kulika ukingoni.

Vifaa vyangu sasa vinakaa kwenye kipande cha mbao, kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa kalamu. Kabla sijarudisha mfuniko, kila kimoja kinarudi kwenye mchoro wake, vitambaa vyekundu vinahesabiwa, na ninatazama ncha ya wenzo kwenye mwanga wa jua. Ikiwa imepungua hata kidogo kuliko mchoro, natafuta kwanza.